Mkataba wa Mwezi Mpevu

Aproni ya Tabitha bado iko juu ya mkataba. Wiki nzima mmenisumbua, na mama mmoja wa Buhare akanisimamisha sokoni, kapu mkononi, akaniuliza kama nina roho, namwachaje Hyasinta na kalamu hewani siku saba. Haya, tuendelee. Ila nawaonya mapema, mtakayoyasoma leo yatawaudhi. Hata mimi yameniudhi nikiyaandika.

Kwa uliyetukuta njiani: Hyasinta ndiye mwenye kiwanja cha kuanikia dagaa pale Mwigobero, Musoma, vichanja mia mbili vya nyavu na miti, dagaa hawagusi mchanga. Elias ni mdogo wake wa tumbo moja na ndiye meneja. Tabitha, mama wa makamo kutoka Buswahili kule Butiama, anasimamia wanawake waanikaji tangu kichanja cha kwanza. Na yule mgeni mwenye shati lililonyooka ni Felisian Mwandu, mnunuzi mwenye ghala Bunda. Anataka tani nne za dagaa safi tarehe kumi na nne. Akizipata, atachukua nyingine kila mwezi. Asipozipata siku hiyo, vichanja na kiwanja vinahamia kwa kampuni yake. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na Hyasinta alikuwa ameusoma mara tatu.

Sasa Tabitha kaingia ofisini bila kubisha hodi, kavua aproni, kaiweka juu ya karatasi.

"Bosi, mimi naishia hapa," alisema. "Hiyo siku sitaki niwepo niione."

Akatoka. Hakupiga mlango wala nini.

Mtu mwenye akili angeweka kalamu chini. Angemkimbilia yule mama, angemshika mkono, angemuuliza mama, siku gani hiyo, kuna nini? Hyasinta alicheka. Alicheka kile kicheko cha mbele ya wageni, akasema wafanyakazi wa siku hizi wana mambo, akaisogeza aproni kwa ncha ya kidole na kutia sahihi. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Elias alikuwa amesimama karibu na dirisha akiangalia sakafu, na hakuna aliyemuuliza anaangalia nini.

Wageni wakanywa soda, wakapanda gari, wakaenda zao. Saa tisa alasiri, Hyasinta akashuka kiwanjani kwenda kujua Tabitha ana wazimu gani.

Wanawake walikuwa wanageuza dagaa. Aliwauliza mmoja mmoja. Huyu akasema hajui, yule akasema labda mama anaumwa, mwingine akajifanya hasikii kwa sababu ya upepo. Mngewaona mngedhani wamekula kiapo. Hyasinta akaanza kupandisha sauti kama ilivyo kawaida yake, kwamba yeye ndiye anayewalisha, kwamba asiyetaka kazi geti liko wazi. Wakazidi kuinama juu ya vichanja.

Mwishowe msichana mmoja anaitwa Rhobi, mgeni pale, hana hata miezi miwili, akachoka. Alinyoosha mkono akaonyesha juu, upande wa ziwani.

Hyasinta akatazama. Mwezi ulikuwa umeshatoka mchana kweupe, nusu kamili, mweupe juu ya maji.

Leo tarehe ngapi? Saba. Nusu ya mwezi tarehe saba. Akahesabu kwa vidole, nane, tisa, kumi, mpaka akafika mwisho. Tarehe kumi na nne, mwezi mpevu.

Msomaji wangu wa bara, kama hujui, dagaa anafuata taa. Mvuvi anawasha taa gizani, dagaa wanajaa, anawazoa. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, dagaa wanatawanyika ziwa zima. Ndiyo maana mwezi ukikua, mitumbwi inapandishwa mchangani na wavuvi wanarudi kwa wake zao kukarabati nyavu na kugombana. Karibu wiki mbili hakuna kitu. Mtoto wa miaka sita wa Mwigobero anajua. Na Hyasinta ni binti wa mvuvi, kazaliwa peninsula, ile rasi iliyoingia ziwani, kanyonyeshwa kwenye harufu ya dagaa. Kwao hakukuwa na kalenda ukutani, baba yake alihesabia mwezi.

Lakini miaka mitatu sasa anakaa ofisini na feni na kalenda ya benki. Tarehe ni tarehe. Mara ya mwisho kuinua macho juu ni lini? Hakumbuki. Jamani, mimi huyu mwanamke nampenda, lakini kuna siku anatia hasira.

Ghalani mlikuwa na tani moja kasoro. Ziwani hakutakuwa na kitu. Na sahihi ilikuwa imeshakauka.

Sasa hapo ndipo mtu anapimwa, na Hyasinta akapimwa na akapungua. Alipanda ngazi za ofisi mbilimbili, akamkuta Elias anapanga faili, akamwaga yote. Kwamba ni yeye aliyekaa na watu wa Bunda kupanga tarehe. Kwamba ana cheti cha biashara cha chuo na hajui mwezi. Kwamba amemwamini kama ndugu na yeye amemchimbia kaburi.

"Dada, nilisema," Elias alijibu.

"Ulisema lini? Ulimwambia nani?"

Elias alimwangalia kidogo, kana kwamba anapima kama inafaa kuendelea. Kisha akaona haifai. Alitoa funguo mfukoni, za ghala, za geti, za kabati la faili, akaziweka mezani. Hyasinta akamwambia vizuri, aache na simu ya ofisi. Akaiacha. Miaka saba ya kazi, mtu kaondoka na koti lake tu.

Asubuhi ya tarehe nane, Hyasinta alifika kiwanjani mapema kuliko kawaida. Geti wazi. Vichanja vitupu. Korongo wawili wakubwa walikuwa wanatembea katikati ya safu wakiokota makombo, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Wanawake kumi na moja hawakuja. Wala hawakutuma ujumbe.

Akaita majina. Akaita tena. Mlinzi akamwambia wamepita alfajiri, wote pamoja, wakapanda gari la kwenda Butiama, na walikuwa na majembe.

Hyasinta hakusikia habari ya majembe. Masikio yake yalikuwa yameshakimbilia Bunda. Aliwasha kirikuu, kigari chake cha mizigo, akakanyaga mafuta, na njia nzima alikuwa anajipanga atakavyomweleza Felisian kwamba tarehe isogezwe kidogo tu, wiki mbili, giza lirudi.

Felisian alimpokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alimpa kiti, akaagiza chai na mihogo ya kukaanga. Kisha akamsikiliza mpaka mwisho na kukataa. Malori yamepangwa, alisema, mzigo unakwenda kwenye shule za bweni mikoa mitatu, watoto hawasubiri chakula wiki mbili. Hyasinta akamweleza habari za dagaa na mwezi, taratibu, kama anayemfundisha mtu wa mbali.

"Najua," Felisian alisema. "Nilielezwa."

"Na nani?"

"Na yule mdogo wako. Si tulikaa hapa hapa? Wewe ulikaa hicho kiti, yeye akakaa pale mlangoni. Alisema kumi na nne ni mwezi mpevu, tuweke ishirini na nane. Mimi nikakuuliza wewe."

Hyasinta akakumbuka.

Alikumbuka yote kwa mara moja, na ninavyomjua, angetoa kichanja kimoja kimoja asikumbuke. Ilikuwa mwezi uliopita. Elias alikuwa ameanza kusema, kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, ila tarehe hiyo," na mara ya kwanza yeye akamkata kabla hajautaja mwezi. Elias akarudia, akasema mpaka mwisho. Naye mbele ya Felisian na watu wake wawili akacheka na kusema, huyu ni mdogo wangu, amezoeaga kuogopa, msimsikilize. Watu wakacheka. Elias pia alicheka. Lile neno "mwezi mpevu" lilimpita sikioni bila kugonga, kwa sababu wakati ule alikuwa anasikiliza kitu kimoja tu, nacho ni kama wageni wanamwona yeye ndiye bosi.

Felisian akammiminia chai nyingine. Kisha akamuuliza swali ambalo hakulitegemea, kwamba hii biashara aliianza kwa nini.

Kwa nini? Mnataka kujua? Nitawaambia, maana yeye siku hiyo aliieleza vibaya, anaruka ruka. Zamani alikuwa mpishi wa kukodiwa. Kulikuwa na harusi hapo hapo Bunda, ya watu wazito, naye akapika dagaa wa nazi kwa mikono yake. Mgeni mmoja, mwalimu mkuu, akatafuna mchanga. Akatema chini mbele ya meza kuu na kusema kwa sauti, "Hiki chakula si mngewapa bata?" Ukumbi mzima ukacheka. Hyasinta alikuwa nyuma ya pazia anasuuza masufuria, na alisikia kila kitu. Wakati ule dagaa wote wa Mwigobero walianikwa chini, mchanga ulikuwa ndiyo kawaida. Wiki iliyofuata akaanza kutafuta miti.

Hiyo ndiyo ilikuwa petroli yake. Aibu. Na ilimfikisha mbali, tusibishe, leo dagaa wake wanaliwa na mawaziri. Ila mtu akishaapa kwamba hatachekwa tena, kila anayemwambia umekosea anamwona ni yule mwalimu mkuu. Ndivyo alivyomwona mpaka mdogo wake mwenyewe.

"Watu wengi nafanyaga nao biashara wanaanza hivyo," Felisian alimwambia. "Sikulaumu. Lakini mimi nilikuuliza siku ile, na ulinijibu. Mkataba ni mkataba, mama."

Akamsindikiza mpaka kwenye gari. Hyasinta alikaa nyuma ya usukani bila kuwasha, akampigia Elias. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani, halafu ndiyo akakumbuka kwamba simu anayoipigia iko kwenye droo ya meza yake mwenyewe, ameinyang'anya jana. Alipiga usukani kwa kiganja mpaka honi ikalia na watu wakageuka.

Akampigia wifi yake, Recho, mke wa Elias, nyumbani kwao Buhare. Recho alipokea akiwa analia. Mume wake hakula jana, alisema, na leo kaamka na kuvaa shati la kanisani, kachukua vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, katoka. Kaenda wapi? Hakusema.

"Wifi, amekosa nini?" Recho aliuliza. "Miaka yote hajawahi kukaa siku moja ya kazi bila kwenda hapo."

Hyasinta alisema mtandao unasumbua. Akakata. Ndiyo, alikata, na mimi ningekuwa karibu ningempokonya hiyo simu.

Hapo ndipo neno la mlinzi lilipomrudia. Majembe. Gari la Butiama.

Tunafika sasa kwenye kitu ambacho vijana wa mjini mnakisahau. Kwetu huku kuna risaga. Una kazi kubwa kuliko mikono yako, unawaita wenzako, wanakuja na majembe au mapanga, wanafanya, unawapikia, mnakula, mnaagana. Hakuna mshahara. Hakuna anayeamuru, mwenye kazi ndiye wa mwisho kula. Lakini ukisaidiwa, siku mwenzako akiita na wewe unakwenda. Unakwenda wewe, na mgongo wako.

Vile vichanja vya kwanza vya Mwigobero, arobaini, vilijengwa kwa risaga. Hyasinta hakuwa na kitu. Aliwaita wanawake, wakiongozwa na Tabitha, wakakata miti, wakachimba mashimo, wakatandaza nyavu mbovu alizookota, kwa siku mbili, wakala ugali na kurudi kwao. Baadaye biashara ikasimama imara na wengi wakawa waajiriwa wake. Na walipoita risaga zao, za palizi, za kuezeka, za kuvuna mtama, Hyasinta alikuwa na kikao. Akawa anatuma bahasha. Nene, hakuwa bahili, nasema ukweli. Alidhani amewapa zaidi ya walichoomba.

Alifika Buswahili saa saba mchana, jua limesimama utosini. Aliiacha kirikuu barabarani akapita katikati ya mihogo na viatu vyake vya ofisi. Akawakuta. Wanawake wake wote kumi na moja, na Tabitha wa kumi na mbili, wamejipanga mstari mmoja wanapalilia shamba la Tabitha. Kumbe hawakugoma. Risaga ilikuwa imeitwa tangu wiki mbili zilizopita na yeye alialikwa, bahasha yake ilikuwa tayari imeshafika.

Alianza vibaya. Alisimama mwisho wa shamba akasema kwa sauti ya kiwanjani kwamba amekuja kuzungumza, kwamba ataongeza mishahara, kwamba Tabitha arudi na atapewa cheo. Majembe yakaendelea. Akarudia. Rhobi peke yake aliinua kichwa, na jirani yake akamgusa kwa kiwiko, akainama tena.

Kulikuwa na jembe moja limelazwa kando. Hyasinta akalitazama muda mrefu. Kisha akavua viatu, akafunga kitenge alichokuwa amejitanda, akaingia mwisho wa mstari.

Mikono ilikuwa imesahau. Kabla ya kufika nusu ya shamba malengelenge yalikuwa yametoka na yamepasuka. Alikata mihogo miwili badala ya magugu na hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Wenzake walikuwa wamefika mwisho na kugeuka, yeye bado yuko katikati. Tabitha alirudi kwa mstari wake mpaka wakakutana.

"Leo umekuja," Tabitha alisema.

"Nimekuja, mama."

"Miaka saba."

"Nilikuwaga natuma bahasha. Kila mara nilituma."

"Bahasha hailimi," Tabitha alisema, na aliendelea kulima huku anaongea. "Ulivyotuma bahasha ulitwambia sisi ni vibarua. Sawa. Kibarua anageuza dagaa, saa kumi anaenda nyumbani. Habari ya mwezi siyo kazi ya kibarua. Zamani ningekuja kukugongea usiku, mwanangu, hiyo tarehe ni mbaya. Jana nilikuja kuvua aproni, nikaona hata hilo ni kubwa."

Hyasinta alilia hapo. Alilia kwa hasira, hasira ya kujikuta mjinga mbele ya watu, ile ile ya nyuma ya pazia, ila safari hii hakukuwa na mwalimu mkuu wa kumlaumu. Alipopata sauti aliuliza mbona basi walibaki naye miaka yote hiyo, kama aliwatupa namna hiyo.

Tabitha akasimama kwa mara ya kwanza.

"Si kwa sababu ya Elias?" alisema. "Risaga zako zote Elias amezilipa. Hujui? Shamba hili amelilima mara tano. Nyumba ya Gati huyu hapa ameezeka yeye. Anakujaga Jumamosi na jembe lake anasema, dada kanituma, anaumwa mgongo. Tunajua hujamtuma. Tunanyamaza, tunampa chakula."

Wanawake wengine walikuwa wamesogea. Mmoja akasema Elias alimbebea mama yake kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mwingine akasema wakati wa msiba alichimba kaburi. Hyasinta alikuwa anamsikiliza mtu ambaye hajawahi kumwona. Jumamosi zote alimwita mvivu, mtu wa kulala.

Na sasa sikilizeni, maana hapa kuna mlango wa kutokea.

Hyasinta alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii yote akauliza swali bila kuwa na jibu lake mfukoni. Aliuliza, mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Tabitha akamwambia dagaa zipo. Zipo vijijini, huko peninsula na visiwani. Tangu Mwigobero ijenge vichanja, kila nyumba imeiga, imejenga chake kidogo uani, na kila nyumba inaweka gunia moja au mawili safi ya akiba kwa ajili ya kipindi cha mwezi, watoto wasilale njaa na wasikose cha kuuza. Ukizikusanya zote, tani tatu zinapatikana. Pengine na zaidi. Hyasinta akataka kusimama, akataka kukimbilia gari, akaanza kusema atanunua zote kwa bei yoyote.

"Kaa," Tabitha alimwambia. "Mtu hatoi akiba yake ya mwezi kwa bosi, hata ulete gari la hela. Ile ni kinga ya watoto. Anampa mtu. Tutaita risaga ya magunia, kila nyumba ilete lake Mwigobero, na wewe utawarudishia giza likirudi, gunia kwa gunia, na utaenda mwenyewe kwa mguu kuwarudishia. Lakini aite Elias. Elias akiita, watakuja mpaka vilema. Mlete Elias."

Mlete Elias. Yuko wapi Elias?

Simu ikaita. Hyasinta aliitoa mfukoni kwa vidole vyenye damu na udongo, ikamteleza, akaichomeka kwenye fundo la kitenge na kubonyeza sauti kubwa ili asiishike. Wote kumi na wawili walikuwa wamemzunguka. Ilikuwa sauti ya Felisian Mwandu.

Aliomba radhi kwa usumbufu. Alisema ana kijana hapa ofisini, kafika muda si mrefu baada ya yeye kuondoka, kaleta vyeti, anaomba kazi yoyote. Elias. Amemweka nje kwenye benchi. Yeye Felisian anatafuta msimamizi, alisema, na mtu aliyethubutu kusema ukweli mbele ya bosi wake na wageni anamfaa. Lakini anaona kafukuzwa jana, na mtu hafukuzwi bure na dada yake.

"Nataka neno lako tu, mama. Ukiniambia si mwaminifu, namrudisha nyumbani sasa hivi na sitamuuliza kitu. Ni mwaminifu au si mwaminifu?"

Hakuna jembe lililosogea.

Mmeona? Neno dogo tu. Aseme hafai, Elias anarudi Buhare leo jioni hana pa kwenda, dada anamfuata, anapiga magoti, risaga inaitwa, magunia yanakuja, kiwanja kinapona. Hata si uongo mkubwa. Angeweza kusema simjui vizuri, ambalo lilikuwa karibu na kweli. Alimtazama Tabitha, na Tabitha akatazama pembeni, hakutaka kumsaidia.

"Ni mwaminifu," Hyasinta alisema. Akainamia simu. "Kuliko mimi. Siku ile alisema kweli, na nilimfukuza kwa kosa langu. Mchukue."

Felisian alisikika akivuta karatasi. Kisha akasema ahsante, mama, kwa heshima kabisa, na kwamba anamwandikisha sasa hivi. Akakata.

Rhobi alianza kulia na hakuna aliyejua kwa nini. Hyasinta akasema haya, ameenda, lakini bado ni mdogo wangu, nitamfuata Bunda hata kesho nimwombe aite watu, kazi haimzuii mtu kuita risaga. Tabitha akakubali kwa kichwa. Wakaanza kupanga nani atapanda mtumbwi gani kwenda kijiji gani, na kwa dakika kumi hivi shamba lilikuwa na uhai. Nawaapia nilikuwa nimeshafurahi.

Kisha ukaja ujumbe, kutoka kwa Recho. Hyasinta hakuweza kuufungua kwa vidole vile, akampa Rhobi amsomee.

"Wifi, Mungu akubariki," Rhobi alisoma. "Elias kanipigia kwa simu ya ofisini kwao, anasema umemsemea vizuri. Tumepiga magoti mimi na watoto. Kazi ni ya kusimamia kiwanja kipya cha kampuni, hapo hapo Mwigobero, anaanza tarehe kumi na tano. Ila wamemwambia kazi ipo kama mzigo wako wa kumi na nne hautafika. Kwa hiyo wifi, tuombee."

Rhobi akarudisha simu. Tabitha alikuwa ameegemea jembe lake.

"Bado unataka Elias awaite watu?" aliuliza.